Michezo na Mlango wa Jeshi
Nasaha kwa vijana wa mwambao wa Ziwa Viktoria na kwa wazazi wao

Kila mwaka, matokeo ya mitihani ya kidato cha nne na cha sita yatokapo, swali moja huzuka katika nyumba nyingi za Mwanza, kuanzia Kirumba na Igogo hata Magu, Sengerema na visiwa vya Ukerewe: kijana wetu aende wapi? Vijana wengi hujibu kwa neno moja, nalo ni jeshini. Wako watakao kuwa askari wa kawaida, na wako wenye shabaha ya mbali zaidi, yaani kufika Chuo cha Kijeshi cha Monduli na kutoka huko wakiwa maafisa. Ukimwuliza kijana wa namna hiyo amejiandaaje, mara nyingi atasema kwamba yeye ni mchezaji hodari wa mpira, au kwamba hakuna mtaani kwake awezaye kumpita kwa mbio. Adhani hayo yatosha.

Upande wa pili wamo wazazi waonao kwamba mpira na mbio ni upuuzi mtupu, umpotezeao mtoto saa za shule na za madrasa. Wamkataza kwenda uwanjani akiwa na miaka kumi na miwili, kisha wamtazamia apate nafasi jeshini akiwa na miaka ishirini.

Sisi twaona kwamba kila upande umeshika nusu ya jambo na kuiacha nusu nyingine. Michezo ina sehemu kubwa katika kumfikisha kijana kwenye mlango wa jeshi, lakini peke yake haiufungui mlango huo. Jambo hili lafaa kuzungumzwa nyumbani mapema, maana akosaye kulijua hupoteza miaka yake, na pengine mzazi wake hupoteza na mali.

Mfano wa zamani

Kupima vijana kabla ya kuwaingiza jeshini si desturi iliyoletwa na serikali za siku hizi. Katika mwaka wa tatu wa Hijra, sawa na mwaka 625, Waislamu walipokuwa wakienda Uhud, Mtume Muhammad (s.a.w.) aliwakagua waliofuatana naye, na wale waliokuwa wadogo mno akawarudisha Madina. Vitabu vya sira vyasimulia habari za vijana wawili katika siku hiyo, Rafi bin Khadij na Samura bin Jundub. Rafi alikubaliwa ilipoelezwa kwamba ni mpiga mishale hodari. Samura alipoyasikia hayo alisikitika, akasema kwamba yeye humwangusha Rafi katika mieleka. Basi wakashindanishwa, Samura akashinda, naye akakubaliwa.

Yafaa tuyatazame mambo haya kwa makini. Ustadi wa mishale na nguvu za mieleka hazikupatikana asubuhi ile ya ukaguzi. Vijana wale walikuwa wamekwisha jizoeza siku nyingi kabla, katika michezo yao na wenzao, na siku ya haja ilipofika walikuwa nazo tayari.

Lakini iko habari nyingine ya siku hiyo hiyo isiyotajwa sana. Abdullah bin Umar alikuwa na miaka kumi na minne, akarudishwa. Hakununa wala hakutafuta njia ya mlango wa nyuma. Alirudi nyumbani, na katika vita vya Handaki alijitokeza tena, akiwa na miaka kumi na mitano, akakubaliwa. Baadaye alikuwa mmoja wa wanazuoni wakubwa wa Umma huu. Basi aliyekataliwa safari ya kwanza asidhani kwamba mambo yake yamekwisha.

Jeshi letu latafuta nini

Jeshi la Wananchi wa Tanzania lilianzishwa tarehe 1 Septemba 1964, na sababu ya kuanzishwa kwake yafaa kujulikana na kila kijana atakaye kuliingia. Mwezi Januari wa mwaka huo, askari wa Tanganyika Rifles waliasi katika kambi ya Colito, Dar es Salaam, na uasi ukafika hata Tabora. Hao walikuwa watu wenye miili imara, wajuao mbio, kwata na bunduki, lakini nguvu zao ziliigeukia nchi yao wenyewe. Serikali ililivunja jeshi lile, ikaunda jipya, na vijana wengi wa mwanzo wakatoka katika Jeshi la Kujenga Taifa lililoanzishwa mwaka 1963 na katika Umoja wa Vijana wa TANU. Toka hapo nchi yetu imejua kwamba mwili wenye nguvu usio na adabu ni hatari kuliko mwili dhaifu.

Ndiyo maana matangazo ya kuandikisha askari hayaishii kwenye afya. Hutaka kijana awe raia wa Tanzania, mwenye afya nzuri ya mwili na akili, mwenye tabia njema asiyepata kutiwa hatiani kwa makosa ya jinai, mwenye vyeti halali vya kuzaliwa na vya shule, na asiyepita umri uliowekwa. Kwa kawaida hutakiwa pia awe amepitia mafunzo ya Jeshi la Kujenga Taifa. Mafunzo ya lazima kwa wamalizao kidato cha sita yalisimamishwa mwaka 1994 na kurudishwa mwaka 2013. Na wako vijana wengine waingiao kwa kujitolea, wakipitia katika wilaya na mikoa yao. Kwa watu wa Kanda ya Ziwa, kambi ya Rwamkoma mkoani Mara si jina geni.

Huko ndiko kijana ambaye hakupata kukimbia hujutia uvivu wake. Siku huanza kwa mchakamchaka kabla jua halijachomoza, kisha huja kwata, kazi za shamba, na matembezi marefu yenye mizigo. Atakayechaguliwa kuwa ofisa mwanafunzi hupelekwa Monduli, chini ya milima ya Arusha, na huko mwili na akili hupimwa pamoja kila siku: darasani kuna vitabu na hesabu za ramani, na nje kuna vilima na usiku wenye baridi. Amalizapo hupewa kamisheni na Rais, aliye Amiri Jeshi Mkuu, kwa cheo cha Luteni Usu.

Kwa nini afisa ashurutishwe kuwa na mwili mwepesi, hali kazi yake kubwa ni kufikiri na kuongoza? Jibu lake si gumu. Mtu aliyechoka hafikiri sawasawa, na anayehema nyuma ya askari wake hawezi kuwaambia twendeni. Jambo hili Wamarekani walijifunza katika Vita Kuu ya Kwanza. Jenerali Douglas MacArthur, alipokiongoza chuo cha maafisa cha West Point toka mwaka 1919 hata 1922, aliagiza kwamba kila mwanafunzi, si wale hodari tu, ashiriki michezo. Hata leo kijana aombaye nafasi katika chuo hicho hupimwa kwa mambo sita: kutupa mpira wa kikapu akiwa amepiga magoti, kujivuta juu ya chuma kwa mikono, mbio fupi za kwenda na kurudi, kuinua kiwiliwili akiwa amelala chali, kujisukuma kwa mikono kutoka ardhini, na mbio za maili moja. Lakini vipimo hivyo huwekwa pamoja na alama zake za shule na ushahidi wa uongozi wake. Ashindaye kwa miguu akaanguka kwa kalamu hapati nafasi.

Waliotutangulia

Katika nchi yetu wenyewe mifano haikukosekana. Usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba 1961, Luteni Alexander Nyirenda, aliyekuwa amesoma katika chuo cha maafisa cha Sandhurst, Uingereza, aliupandisha Mwenge wa Uhuru na bendera ya taifa kwenye kilele cha Kilimanjaro. Taifa zima lilikuwa likimngoja. Je, kazi ile ingefanywa na afisa asiyeweza kupanda mlima?

Tarehe 2 Februari 1974, mjini Christchurch, New Zealand, mwanajeshi wetu Filbert Bayi alikimbia mita 1,500 kwa dakika 3 na sekunde 32.2, akavunja rekodi ya dunia. Juma Ikangaa, aliyekuwa afisa wa jeshi hilo hilo, alishika nafasi ya pili katika mbio ndefu za Boston miaka mitatu mfululizo, 1988, 1989 na 1990. Katika mwaka wa kwanza alipitwa na Ibrahim Hussein wa Kenya kwa sekunde moja tu. Hakuvunjika moyo. Mwezi Novemba 1989 alizishinda mbio za New York kwa saa 2, dakika 8 na sekunde 1. Na karibu zaidi na siku zetu, Alphonce Simbu, naye ni mwanajeshi, alipata nishani ya shaba katika mbio ndefu za dunia mjini London mwaka 2017, akaendelea kujizoeza miaka minane, na tarehe 15 Septemba 2025 akatwaa dhahabu mjini Tokyo. Yeye na Mjerumani aliyemfuata waliandikiwa muda mmoja, saa 2, dakika 9 na sekunde 48, wakatofautishwa kwa vipande vya sekunde.

Wala mwambao wetu haukuachwa nyuma. Suleiman Nyambui, aliyeipatia nchi nishani ya fedha katika mita 5,000 kwenye Olimpiki ya Moscow mwaka 1980, ni mzaliwa wa Majita, kando ya Ziwa hili hili tunalooga na kuvua. Hewa ya huku, zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, si haba kwa mkimbiaji.

Tumewataja watu hawa ili kijana aone walivyongoja. Mmoja alikosa kwa sekunde moja, mwingine akangoja miaka minane. Subira ya namna hiyo ndiyo itakiwayo na jeshi, na uwanja wa michezo ni shule yake nzuri.

Matayarisho ya nyumbani

Wahenga walisema, samaki mkunje angali mbichi. Kijana asingoje tangazo litoke ndipo aanze kukimbia. Yuko aanzaye wiki mbili kabla, akajilazimisha kila alfajiri mpaka miguu ikavimba, na siku ya kupimwa akawa anachechemea. Mwili hujengwa kwa miezi, tena kwa kidogo kidogo.

Mwanza ni mji wa miamba na vilima, na neema hiyo hailipiwi. Kijana wa Bugando, Mabatini au Bwiru anacho kilima mlangoni pake. Na aanze kwa kutembea upesi na kukimbia taratibu siku tatu kwa wiki baada ya Sala ya Alfajiri, akiongeza mwendo polepole kila wiki, na kuupumzisha mwili siku zilizobakia au kuzitumia kwa mazoezi ya mikono na tumbo. Wavuta nyavu na wapiga makasia wa Mwaloni na Ukerewe wana mikono na vifua ambavyo wengi wangevitamani. Hao wanahitaji zaidi mbio za miguu. Mpira wa miguu uchezwao Nyamagana na katika viwanja vya mitaa wafaa sana, maana pamoja na mbio hufundisha kumtii nahodha na kushindwa bila ugomvi. Kijana aliyepata kuwa nahodha wa timu ya shule, au aliyefika mashindano ya UMISSETA, ana jambo la kueleza atakapoulizwa ameongoza nini.

Chakula kisiwe kisingizio. Ugali, maharage, mboga za majani, maziwa, na dagaa wa Ziwa letu huujenga mwili vizuri. Sigara, bangi na mirungi huubomoa, na kwa Mwislamu jambo hilo halina mjadala. Katika mwezi wa Ramadhani mazoezi yasiachwe kabisa, bali yapunguzwe na kuletwa karibu na futari au baada ya Tarawehe, ili mtu asijidhuru kwa kiu.

Kuna mambo mawili ya afya ambayo yatuhusu sisi wa Kanda ya Ziwa kuliko wengine. La kwanza ni kichocho. Vimelea vya ugonjwa huu hutoka katika konokono wa maji ya kandokando, hasa penye majani, na hupenya katika ngozi ya aogaye au achotaye maji. Katika Ziwa Viktoria kichocho kilichoenea zaidi ni cha tumbo: huleta maumivu, uchovu na choo chenye damu, na kikikaa miaka huliharibu ini. Kijana anaweza kujilaumu kwa uvivu hali anaumwa. Na apimwe katika kituo cha afya na kutibiwa, maana dawa yake ipo na hutolewa hata mashuleni. Wala mzazi asimfiche mtoto siku ya dawa.

La pili ni selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi ulio mwingi katika kanda hii. Mtoto mwenye ugonjwa huu asilazimishwe mbio za kuchosha bila ushauri wa daktari, na hata yule aliyerithi upande mmoja tu yafaa ajijue, anywe maji ya kutosha, asijisukume ghafla kupita kiasi katika joto. Kujua mapema ni rehema kuliko kuanguka uwanjani.

Tukiwa katika habari za maji, hatuwezi kunyamaza juu ya kuogelea. Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza, na tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara. Katika siku zile za majonzi watu wa pande hizi waliwaona askari wazamiaji wakiingia majini kuwatafuta ndugu zetu. Ni jambo la kusikitisha kwamba watoto wengi wa mwambao huu wakua bila ya kujua kuogelea. Wafundishwe, lakini wafundishwe na mtu mzima ajuaye, mahali palipo salama, penye bwawa la kuogelea ikiwezekana, kwa sababu ya hatari za Ziwa tulizozitaja. Mchezo huu humwandaa kijana kwa jeshi, na hata asipokwenda jeshini, huenda siku moja ukamwokoa yeye au jirani yake.

Mabinti zetu

Wazazi wengi hudhani kwamba maneno haya ni ya wavulana peke yao. Sivyo. Jeshi letu lina wanawake askari na maafisa, na toka Machi 2021 Amiri Jeshi Mkuu wa nchi hii ni mwanamke, Rais Samia Suluhu Hassan. Katika hadithi za Mtume (s.a.w.) imepokelewa kwamba alishindana mbio na mkewe, Bibi Aisha (r.a.), mara ya kwanza Bibi Aisha akamshinda, na mara nyingine Mtume akashinda. Kama nyumba ile tukufu haikuuona mchezo huo kuwa aibu, sisi ni nani wa kuuona hivyo? Binti avae nguo za stara zisizomzuia kukimbia, afanye mazoezi pamoja na wenzake wa kike, mahali ambapo wazazi wanapajua. Afya ile itamfaa akiwa afisa, na itamfaa akiwa mama.

Nafasi hainunuliwi

Twamalizia na jambo lenye uchungu. Wako watu wenye maneno matamu wanaozunguka mitaani na katika simu, wakidai kwamba wanaye jamaa mkubwa jeshini, na kwamba kwa fedha kadha wa kadha kijana ataingia bila ya kupimwa. Wazazi huuza ng'ombe, mtumbwi au kiwanja, kisha mtu yule hupotea. Jeshi limetangaza mara nyingi kwamba nafasi zake haziuzwi. Isitoshe, hata kama njia hiyo ingekuwapo, kwetu rushwa ni haramu kwa atoaye na kwa apokeaye. Mzazi mwenye fedha ya kuuzia ng'ombe na amnunulie mwanawe viatu vya mbio, alipe masomo yake ya ziada ya hesabu, na kinachobaki akiweke.

Vijana wetu, shikeni mambo matatu kwa pamoja: kitabu, mwili na tabia. Asomaye bila kuuzoeza mwili ataachwa nyuma kilimani, na akimbiaye bila kusoma ataachwa nyuma darasani. Na mwenye yote mawili bila adabu hafai kukabidhiwa silaha ya nchi. Someni tangazo lenyewe litokapo, sharti kwa sharti, msitegemee habari za kusikia kijiweni. Mkikataliwa mara moja, mkumbukeni Abdullah bin Umar, jipangeni kwa safari nyingine madamu umri waruhusu. Na umri ukipita, mwili mlioujenga, elimu mliyoipata na nidhamu mliyoizoea havitapotea. Kwani ualimu, uvuvi, biashara na malezi ya watoto navyo vyahitaji watu imara.

Nanyi wazazi, jioni mtoto aombapo ruhusa kwenda uwanjani, msimjibu kwa ukali. Mwulizeni kwanza kama amemaliza masomo yake na kama ameswali Alasiri. Akiwa amefanya hayo, mpeni ruhusa kwa moyo mkunjufu, na mwambieni arudi kabla ya Magharibi.

Mwenyezi Mungu awajalie vijana wetu afya, elimu na uaminifu, na awafanye ngome ya nchi yao na faraja ya wazazi wao. Amin.